Boga la Mchana na Boga la Usiku: Kuisoma Upya Hekaya ya Sleepy Hollow

Wasomaji wenzangu, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Hadithi, hadithi!

Nimesikia mlivyoitika. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Lishikeni hilo neno uongo, msiliachie, nitalirudia mwishoni. Mwandishi niliyekuja kumzungumzia jioni hii aliimalizia hadithi yake palepale ambapo sisi huanzia zetu.

Anaitwa Washington Irving, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1783, na hadithi yenyewe ni The Legend of Sleepy Hollow. Kwa lugha yetu tungesema Hekaya ya Bonde la Usingizi. Ilitoka mwaka 1820. Hata kama hujaisoma, kivuli chake umekiona mahali: mpanda farasi asiye na kichwa anakwenda mbio usiku, kichwa chake amekipakata mbele ya tandiko. Miaka zaidi ya 200 imepita, na kila mwaka kati ya Septemba na Novemba wasomaji wengi wa nchi za kaskazini huitoa kabatini wakaisoma tena. Mimi nami nimo katika mkumbo huo. Mwaka huu nimeisoma mara mbili.

Niseme wazi kilichonileta. Naamini hadithi hii tunaisoma tukimwogopa asiyestahili kuogopwa. Mimi mwenyewe niliisoma hivyo kwa miaka mingi, na chanzo kilikuwa kijitabu nilichoanzia.

Kilikuwa kijitabu chembamba, cha lugha iliyorahisishwa kwa wanafunzi. Juu ya jalada palichorwa farasi mweusi amesimama kwa miguu ya nyuma, na aliyempanda ameinua boga lililotobolewa macho na meno, moto unawaka ndani yake. Ukurasa wa mwisho ulikomea pale mwalimu anapopigwa na kile kichwa na kuanguka kutoka kwenye farasi. Basi. Nililala nimejifunika gubigubi, nikaamini kwamba hadithi ndiyo hiyo. Nilipoipata kamili nikiwa mtu mzima, nilishangaa mara mbili. Kwanza, boga la Irving halina moto. Hakuandika boga lililochongwa wala linalowaka, wala sikukuu ya Halloween haitajwi popote. Moto ule uliwashwa na wachoraji na watu wa filamu waliokuja nyuma yake, na katuni ya Walt Disney ya mwaka 1949 iliukoleza kuliko wengine wote. Pili, baada ya mwalimu kuanguka kuna kurasa nyingine. Kijitabu changu kilizikata. Hizo kurasa ndizo zilizoninyima usingizi ukubwani.

Tuanze na mahali. Bonde lenyewe lipo. Liko kando ya Mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York, pale mto unapotanuka ukawa kama ziwa, jirani na mji wa Tarrytown. Waholanzi walilowea huko tangu karne ya 17, na kanisa lao la mawe limesimama hadi leo. Mwaka 1996 mji wa North Tarrytown ulibadili jina ukajiita Sleepy Hollow, kwa jinsi hekaya hii ilivyoshika. Irving alipajua tangu ujana. Mwaka 1798, homa ya manjano ilipoingia New York, alipelekwa Tarrytown kuikimbia. Alikuwa na umri wa miaka 15. Na karibu na mwanzo wa hadithi msimulizi wake anakumbuka alivyokwenda kuwinda kuchakuro, adhuhuri, chini ya miti mirefu ya jozi; kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba mlio wa bunduki yake mwenyewe ukamshtua.

Sentensi hiyo niliirukaruka miaka mingi. Sasa kila nikiifikia husimama. Mtu wa kwanza kushtuka katika hadithi hii anashtushwa na sauti aliyoitoa kwa mkono wake.

Kisha majira. Kamusi zetu zinatupa neno vuli, lakini masikioni mwetu vuli ni mvua, ni mbegu kuingia ardhini. Majira yale ya kule ni kinyume: mazao yanatoka ardhini, siku inafupika, baridi inaanza kung'ata asubuhi. Miti inajiandaa kwa baridi. Ukijani wa jani unavunjika, na umanjano uliokuwa umefichwa chini yake majira yote ya joto unaonekana. Halafu jani linaachia. Kwa hiyo niruhusuni niyaite majira ya kupukutika, ingawa jina ni refu, maana nikisema vuli mtasikia ngurumo.

Mhusika mkuu wetu ni mwalimu wa kijiji, Ichabod Crane, mtu wa kuja kutoka jimbo la Connecticut. Jina lake la kwanza wasomaji wa Biblia mnalijua: ni Ikabodi, yule mtoto wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli aliyezaliwa siku ya msiba, mama yake akasema utukufu umeondoka. Irving anamchora kwa raha kubwa. Mrefu, mwembamba, mabega finyu, mikono inayoning'inia mbali nje ya mikono ya koti, miguu kama sepetu, masikio makubwa, kichwa kidogo kilicho bapa juu. Ukimwona siku ya upepo akishuka mlima, nguo zinapepea, ungedhani sanamu ya kutishia ndege imetoroka shambani.

Mshahara wake ni mdogo, na tumbo lake halina mwisho. Irving anamlinganisha na joka lile kubwa la Amerika linalomeza kwa kujitanua. Hivyo analala nyumba za wazazi wa wanafunzi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mali yake yote kaifunga kwenye kitambaa kimoja. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ichabod anaijua kanuni hiyo bila kuambiwa. Anasaidia kuanika nyasi, kutengeneza ua, kunywesha farasi, kutoa ng'ombe malishoni. Jioni anampakata mtoto mmoja gotini huku mguu wake unabembeleza susu la mwingine, saa nzima. Picha hiyo ya mguu naipenda sana. Ni mtu anayejua kwamba sahani yake kesho inategemea mtoto huyo asilie leo.

Na ni mtu anayeamini mizimu. Kitabu chake kipenzi ni cha Cotton Mather, mhubiri wa Boston aliyeandika juu ya uchawi enzi za kesi za Salem, mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa. Ichabod hulala majanini kando ya kijito baada ya shule akakisoma hadi herufi zikapotea gizani, kisha akaanza kutembea kurudi, na kila kitu kikamtisha: kilio cha chura, bundi, kimulimuli, hata dude la mbawakawa likimgonga usoni. Msimu wa baridi anakaa na akina mama wa Kiholanzi wanaosokota sufu, matofaa yanachomeka mekoni, wanamsimulia juu ya mpanda farasi. Alikuwa askari wa Hessen, mmoja wa Wajerumani waliokodishwa na Uingereza kupigana na Wamarekani katika vita vya uhuru; tufe la mzinga likamkata kichwa; mwili ukazikwa uani mwa kanisa; na kila usiku hutoka kwenda kukitafuta kichwa chake. Utamu wa kusikiliza, Ichabod anaulipa njiani akirudi.

Sasa Katrina. Katrina Van Tassel, miaka 18, mtoto pekee wa Baltus Van Tassel, mkulima mwenye ghala lililojaa kama kanisa siku ya sikukuu. Ichabod anampenda. Lakini angalieni anavyompenda. Siku anayoingia uani kwa Van Tassel anatazama nguruwe, na akilini mwake kila nguruwe anapita ameshakaangwa, tofaa mdomoni. Njiwa wamelala ndani ya ganda la mkate. Mabata wamejipanga sahanini wawiliwawili kama mke na mume. Halafu anayatazama mashamba, na ndani ya dakika hiyohiyo ameshayauza kichwani, amenunua ardhi kubwa mwituni, na anamwona Katrina juu ya gari la mizigo akielekea Kentucky au Tennessee.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Ichabod alipenda vyote viwili, sitamnyima hilo, ila boga lilitangulia.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Jioni ya karamu nyumbani kwa Van Tassel, Ichabod anapanda farasi wa kuazima, mzee wa plau, jicho moja limetoka ukungu, na kupita katikati ya mavuno. Irving ameiandika safari hiyo kwa upendo usiofichika. Mbingu safi. Msitu umevaa kahawia na manjano, na miti mingine iliyokwisha ng'atwa na jalidi imekuwa ya machungwa, zambarau, nyekundu ya damu. Mistari ya mabata mwitu inapita juu. Ichabod haoni rangi. Anaona matofaa mtini, matofaa vikapuni, matofaa yaliyolundikwa kusubiri kukamuliwa. Anaona mahindi yanachungulia kutoka magandani, na kwake ni uji na mikate. Na chini ya mahindi, shambani, yamelala maboga ya manjano yameligeuzia jua matumbo yao ya mviringo, naye anaona andazi tamu la boga, moja baada ya jingine, halina mwisho.

Hilo ndilo boga la mchana. Limelala shambani, halimtishi mtu, linatamanika. Wasomaji tunalipita kwa sababu tunaharakia usiku. Lakini Irving ametuwekea hapo kwa makusudi, mchana kweupe, kile kitakachorushwa gizani. Ichabod alilitazama kwa mate yaliyojaa mdomoni. Saa chache baadaye boga litamfuata lenyewe, hewani, kwa kasi, wala hatalitambua.

Mpinzani wake ni kijana wa bondeni, Abraham Van Brunt, wanayemwita Brom Bones: mabega mapana, mcheshi, hodari wa farasi. Si mtu mwovu, na kijiji kizima kinampenda. Angetaka kupigana na Ichabod, lakini Ichabod hapigani. Basi Brom anaanza vituko. Anaziba bomba la moshi ili darasa la Ichabod la kuimba zaburi lijae moshi. Anamfundisha mbwa kulia kwa kubweka vibaya, eti naye ni mwalimu wa zaburi. Na usiku mmoja anaingia shuleni na wenzake, licha ya ule ufundi wa kufunga uliotengenezwa kama dema, mwizi kuingia rahisi kutoka shida, wakageuza kila kitu juu chini. Asubuhi yake maskini mwalimu akaanza kudhani wachawi wote wa nchi wamekutana darasani mwake.

Nadhani siku hiyo ndipo hadithi yote ilipoamuliwa. Kwa sababu siku hiyo Brom alijua mahali pa kubonyeza.

Sasa sikilizeni kinachotokea barazani baada ya dansi. Wazee wanavuta tumbaku, wanasimuliana vita, kisha mizimu. Wanamtaja Meja John André, ofisa wa Uingereza aliyekamatwa kweli hapo Tarrytown Septemba 1780 na kunyongwa mwezi uliofuata. Mti wake unasemekana unalia. Wanamtaja mpanda farasi. Ndipo Brom anasema yeye amewahi kukutana naye, akamwalika washindane mbio kwa bakuli la pombe, na angeshinda, ila walipofika daraja la kanisa yule askari akachomoka, akatoweka katika mmweko wa moto. Ichabod anasikiliza. Ichabod anaamini. Na usiku uleule, akikimbizwa, kinachomjia kichwani ni maneno hayo: nikifika darajani nimepona.

Rudini tena mlione. Aliyemwambia pa kukimbilia ni Brom. Njia ya kujiokoa na mahali pa kuviziwa vilitoka mdomoni mwa mtu mmoja, barazani, mbele ya mashahidi, watu wakicheka.

Kabla sijatoka kwenye karamu, kuna mtu mmoja wa kumsalimu. Dansi ilichezwa kwa fidla, na mpiga fidla ni mzee mweusi mwenye mvi, amepiga muziki wa bonde lile zaidi ya nusu karne, na chombo chake kimechakaa kama yeye. Hana jina. Aliyemletea Ichabod mwaliko wa karamu ni mtu mweusi pia, juu ya farasi mdogo asiyefunzwa, hatamu yake kamba. Naye hana jina. Wengine wamejaa milangoni na madirishani wanatazama dansi, na Irving anawachora kwa namna ya kuwacheka, ambayo mimi siwezi kuisoma kwa sauti bila kusimama. Hadithi inasimuliwa kana kwamba ni ya mwaka 1790 hivi. Sensa ya mwaka huo iliwakuta watumwa zaidi ya 21,000 katika jimbo la New York. Sheria ya kuanza kuwaachia huru ilipita mwaka 1799, na utumwa haukukoma kabisa jimboni humo hadi tarehe 4 Julai 1827, miaka saba baada ya hadithi kuchapishwa. Zile mali za Van Tassel zinazomtoa Ichabod mate, kuna mikono iliyozilima. Na kuna jambo lililonifurahisha nilipolikuta: miaka mingi baadaye, katika andiko jingine juu ya bonde lilelile, Irving alimweka mzee wa Kiafrika kwenye kinu cha kale na kusema kwamba yeye ni miongoni mwa waliotoa hekaya hii ya Ichabod na mpanda farasi. Ndani ya ubunifu wake, basi, hadithi ilipitia mdomo wa Mwafrika. Laiti angempa na jina.

Karamu inakwisha. Ichabod anabaki nyuma azungumze na Katrina, na anatoka muda si muda, uso umemshuka. Walisemezana nini? Msimulizi anakataa kutuambia, anasema hajui.

Ni usiku wa manane. Yuko peke yake. Anapiga mluzi ajitie moyo, anasikia mluzi unajibiwa: ni upepo katika matawi makavu. Anaona kitu cheupe kinaning'inia kwenye ule mti wa Meja André: ni mahali radi ilipochuna gamba. Anasikia mkoromo, meno yanagongana, magoti yanapiga tandiko: ni matawi mawili yanasuguana. Mara tatu anatishwa, na mara zote tatu ni mti. Uzuri wa majira ya kupukutika ndio unaomtisha, maana mti wenye majani haulii hivyo.

Halafu mbele, kwenye kijito, kuna kitu kikubwa cheusi, na hicho si mti. Anauliza, kwa kigugumizi, wewe ni nani. Kimya. Anauliza tena. Kimya. Kile kitu kinaingia barabarani, kinakwenda sambamba naye. Akienda haraka, nacho haraka. Akienda polepole, nacho polepole. Anajaribu kuimba zaburi, ulimi umegandama kinywani. Wanapanda kilima, na juu kabisa, mbingu ikiwa nyuma yake, anaona umbo la mpanda farasi amejitanda joho, na juu ya mabega hakuna kitu. Kichwa kiko mbele, juu ya tandiko.

Mbio zinaanza, na katikati ya mbio ukanda wa tandiko unafunguka. Hapo Irving anafanya kitu ambacho ni mwandishi mkubwa tu anayekiweza. Mtu huyu anakimbizwa na maiti. Tandiko linateleza, anajaribu kulishika, linaanguka, linakanyagwa. Na wazo linalompitia ni kwamba mzee Hans Van Ripper, aliyemwazima farasi, atakasirika, kwa sababu lile ni tandiko lake la Jumapili. Kila nikifika hapo namhurumia Ichabod upya. Hata mauti yakiwa kisogoni, yeye ni mtu wa kuazima, anahofia kitu cha watu.

Anamshika farasi shingo, uti wa mgongo wa mnyama unamkatakata. Kuta nyeupe za kanisa zinaonekana kati ya miti. Daraja. Mbao zinalia chini ya kwato. Amevuka. Anageuka kutazama mzimu ukitoweka kwenye moto kama alivyosema Brom, na badala yake anamwona yule mtu amesimama kwenye vikuku, mkono umeinuliwa, anamrushia kichwa.

Kijitabu changu kiliishia hapo.

Asubuhi farasi mzee alikutwa kwenye lango la bwana wake anatafuna majani, hana tandiko. Chakula cha asubuhi kikafika, Ichabod hakuonekana. Cha mchana kikafika, Ichabod hakuonekana. Watoto walikwenda shule wakarandaranda kando ya kijito. Wakatafuta wakalikuta tandiko limekanyagwa udongoni, na ng'ambo ya daraja, ukingoni mwa maji, kofia ya mwalimu, na pembeni yake boga lililopasuka vipande. Maji yakachunguzwa, mwili haukupatikana.

Kisha wakafungua kile kitambaa chake. Nasoma orodha: mashati mawili na nusu. Skafu mbili za shingoni. Jozi moja au mbili za soksi za sufu. Suruali kuukuu. Wembe wenye kutu. Kitabu cha zaburi kilichokunjikakunjika pembe. Filimbi ya kupatia sauti, imevunjika. Na karatasi iliyokwaruzwakwaruzwa, mashairi aliyojaribu kumwandikia Katrina, hayakutoka. Hans Van Ripper akalichoma shairi pamoja na vitabu vya uchawi, akaapa kutowapeleka wanawe shule tena. Kijiji kikakusanyika uani mwa kanisa Jumapili, kikajadili, kikatikisa vichwa, kikakata shauri kwamba mpanda farasi amemchukua. Na kwa kuwa alikuwa mseja na hakuwa na deni la mtu, asema Irving, hakuna aliyejisumbua tena juu yake. Shule ikahamishiwa upande mwingine wa bonde, akaja mwalimu mwingine.

Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Mtu amebembeleza watoto wa nyumba zote za bonde kwa mguu wake. Alipopotea, walichotazama ni kama anadaiwa.

Nilikuwa nasoma sentensi hiyo kama utani. Halafu nikajua Irving alikuwa wapi alipokuwa akiandika. Aliondoka Marekani mwaka 1815. Mama yake alifariki New York mwaka 1817, yeye akiwa ng'ambo. Biashara ya familia ilifilisika mwaka 1818. Msichana aliyetaka kumwoa, Matilda Hoffman, alishafariki tangu 1809, naye Irving hakuoa maisha yake yote. Sehemu ya miaka hiyo alikaa Birmingham, Uingereza, nyumbani kwa dada yake, mseja wa miaka thelathini na kitu, akila meza ya shemeji. Na huko ndiko alikolikumbuka bonde la Hudson na matofaa yake. Mtu wa namna hiyo anapoandika kwamba mseja alipotea na hakuna aliyejisumbua, mimi sicheki tena. Alirudi nchini kwao mwaka 1832, baada ya miaka 17. Akanunua nyumba kando ya Hudson, karibu na Tarrytown. Akafia humo mwaka 1859. Akazikwa kwenye makaburi yaliyo jirani na lile kanisa la Waholanzi.

Aliishia wapi Ichabod? Hadithi inatoa majibu mawili na haichagui. Miaka kadhaa baadaye mkulima mmoja anarudi kutoka New York na habari kwamba mwalimu yu hai: alihama kwa hofu na kwa aibu ya kukataliwa, akasomea sheria, akaingia siasa, akawa hakimu wa mahakama ndogo. Brom, aliyekwisha kumwoa Katrina, hucheka sana kila boga likitajwa. Lakini akina mama wazee, ambao Irving anawaita waamuzi bora wa mambo haya, wanashikilia kwamba alichukuliwa na mzimu.

Na mwishoni kabisa kuna nyongeza fupi. Msikilizaji mmoja, bwana mkavu asiyecheka, anamuuliza msimulizi hadithi ina funzo gani na inathibitisha nini. Msimulizi anamzungusha kwa hoja isiyo na kichwa wala miguu. Bwana anasema bado ana shaka na jambo moja au mawili. Naye msimulizi anamjibu kwamba hata yeye mwenyewe nusu yake haamini. Uongo njoo, kumbe, umekaa mwishoni. Tofauti ni kwamba kule kwenye bonde uongo ulitoka barazani, ukapanda farasi, ukaenda kumsubiri mtu darajani.

Ushauri wangu kwa mnaotaka kuisoma: itafuteni nzima, msikubali iliyofupishwa. Ni maneno kama 12,000. Isomeni kwa sauti, wawili au watatu, jioni moja, na msiruke vyakula. Mkifika kwenye boga la mchana, semeni jina lake taratibu.

Nimekuja na kitabu, na muda uliobaki naomba tuutumie kwa aya ya mwisho ya hekaya, ile niliyonyimwa utotoni. Nimejaribu kuitafsiri mwenyewe. Jengo la shule limeachwa, linaoza, watu husema roho ya mwalimu imo humo. Kijana wa plau anarudi nyumbani jioni ya majira ya joto, hakuna upepo, na kwa mbali anasikia sauti inaimba wimbo wa zaburi, wa huzuni, katika upweke wa bonde.

Kama mlio karibu na madirisha mtayafunga, nitaanza.